Mlango Uliofungwa: Saa za Biashara katika Mji wa Berlin



Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo, kwa kulisikia tu, laonekana dogo. Nalo ni saa za kufungua na kufunga maduka, na desturi za biashara za kila siku, katika mji wa Berlin, mji mkuu wa Ujerumani. Lakini mgeni aliyefika mji ule siku ya Jumapili akiwa na njaa, kabati lake halina hata punje ya chumvi, hatakubali kuwa jambo hili ni dogo. Atatoka nyumbani akitumaini kupata mkate, unga na mboga. Atapita mtaa wa kwanza, atakuta duka kubwa la vyakula limefungwa. Atapita mtaa wa pili, atakuta vivyo hivyo. Kupitia kioo ataviona vitu vyote avitakavyo vimepangwa vizuri, taa zimezimwa, na hapana mtu. Atajiuliza, Je, pana msiba mjini? Hapana msiba. Ni Jumapili.

Mgeni wa namna hii aweza kudhani kuwa watu wa mji ule ni wavivu, au hawapendi fedha. Yote mawili si kweli. Mlango ule umefungwa kwa sababu ya mapatano ya zamani baina ya anunuaye na auzaye, na mapatano hayo yaligombaniwa kwa muda unaozidi miaka 100. Nia yangu leo ni kueleza namna siku ya biashara ilivyo katika Berlin, na kisha kueleza ni nani anayepumzika nyuma ya mlango ule.

Kwanza ni habari ya saa yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo msemaji wa Kiswahili anapojikwaa mapema. Sisi huhesabu saa zetu tangu jua linapochomoza na tangu linapokuchwa. Wajerumani huhesabu tangu usiku wa manane, nao katika maandishi hawarudii moja baada ya kumi na mbili, bali huendelea mpaka 24. Hivyo mgeni aweza kuona mlangoni pa duka pameandikwa 10–20. Njia ya kufasiri ni nyepesi. Namba ikiwa kati ya 7 na 18, toa sita. Ikiwa 19 au zaidi, toa kumi na nane. Basi 10 ni saa nne ya asubuhi, na 20 ni saa mbili ya usiku. Duka lile hufunguliwa saa nne, hufungwa saa mbili.

Lakini pana mtego mwingine katika maneno ya kinywa. Mjerumani akikwambia mkutane "halb acht", yaani "nusu nane", usidhani kuwa ni nusu saa baada ya nane ya kwao. Ni nusu saa kabla yake. Yeye huhesabu nusu ya safari ya kuiendea ile saa nane, wala si nusu iliyokwisha kupita. Kwa hesabu yetu ni saa moja na nusu. Asiyejua jambo hili atafika saa nzima baadaye, ataomba radhi, wala hataelewa kwa nini uso wa mwenyeji umekunjamana.

Tena jua la nchi ile si mwalimu wa saa kama lilivyo kwetu. Mwezi wa Desemba jua la Berlin huchomoza baada ya saa mbili ya asubuhi, nalo hutua kabla ya saa kumi ya jioni. Mwezi wa Juni huchomoza kabla ya saa kumi na moja ya alfajiri, na kutua kwake ni baada ya saa tatu ya usiku. Mwoka mikate hufungua mlango wake saa kumi na mbili au saa moja ya asubuhi, iwe ni giza tupu au jua limekwisha kupanda. Mtu wa huko haangalii mbingu kujua kama duka li wazi. Huangalia kibao kilicho mlangoni.

Sasa tuifuate siku ya kazi tangu mwanzo wake. Wa kwanza kufungua ni wauza mikate, kwa kuwa watu wengi hununua mikate midogo ya moto njiani waendapo kazini. Baada yao hufuata maduka makubwa ya vyakula, ambayo mengi hufunguliwa saa moja au saa mbili ya asubuhi, na hukaa wazi hata saa nne ya usiku, na mengine zaidi ya hapo. Maduka ya nguo, ya viatu na ya vyombo hayana haraka; mengi hungoja mpaka saa nne ya asubuhi, na hufunga saa mbili ya usiku. Benki hufungua Jumatatu hata Ijumaa, na nyingi hufunga jioni mapema. Madaktari wengi hawapokei wagonjwa Jumatano na Ijumaa baada ya adhuhuri, ila kwa miadi maalumu. Majumba mengi ya makumbusho hufungwa Jumatatu, kwa sababu watumishi wake hufanya kazi Jumapili wakati wengine wapumzikapo.

Saa sita ya mchana watu wa maofisini huenda kula. Wakati huo katika ofisi nyingi utasikia mtu akimpita mwenzake mlangoni na kumwambia, "Mahlzeit", maana yake "wakati wa chakula". Hiyo ni salamu, wala si mwaliko. Mgeni asije akavuta kiti na kungoja sahani.

Ama miadi ni nguzo ya kazi zote za mji ule. Neno lao ni "Termin". Mtu hawezi kwenda ofisi ya serikali kuandikisha nyumba yake, wala kwa kinyozi mwenye kazi nyingi, wala kwa daktari wa meno, kwa kutokea tu mlangoni na kutumaini wema wa watu. Sharti atake siku na saa kabla. Akiisha kupewa, yafaa afike dakika tano kabla ya wakati. Kuchelewa robo saa bila ya kutoa habari huhesabiwa kuwa ni kumdharau mwenzio, kwa maana umekula wakati wake, na wakati wake ni mali yake.

Dukani nako kuna adabu yake. Katika duka dogo mtu huamkia aingiapo, na huaga atokapo, ijapokuwa hakununua kitu. Bei imeandikwa juu ya kitu, wala hapana kupatana. Anayejaribu kupunguza bei ya sukari atatazamwa kwa mshangao tu. Mteja huja na mfuko wake mwenyewe. Kwa keshia vitu hupitishwa upesi mno, na mnunuzi ndiye avipangaye mfukoni. Nyuma yake watu wamesimama safu, nao hawapendi kungojeshwa. Chupa nyingi za plastiki na makopo ya vinywaji hutozwa dhamana ya senti 25 za yuro, na mtu akirudisha chupa tupu hurudishiwa fedha zake. Kwa hiyo usishangae kumwona bwana mwenye suti nzuri amebeba gunia la chupa tupu akielekea dukani.

Kazi ikiisha jioni, Mjerumani husema ni "Feierabend". Neno hilo limeunganishwa na maneno mawili, kusherehekea na jioni. Mwenye kazi akiisha kulitamka, hupenda mambo ya kazi yasimfuate mpaka nyumbani. Na kuanzia saa nne ya usiku hata saa kumi na mbili ya asubuhi ni wakati wa kimya kwa sheria: hapana kupiga misumari ukutani wala kupiga ngoma. Siku ya Jumapili na sikukuu kimya hicho hulindwa kutwa nzima.

Hapo sasa twafika kwenye kiini cha maneno yetu: mambo haya yalianzaje?

Yalianza kwa uchovu wa watu. Katika karne ya 19, wakati Berlin ilipokuwa ikikua upesi kwa viwanda na reli, mwenye duka alifungua mlango mapema kama apendavyo, akafunga usiku kama apendavyo, kwa hofu kwamba jirani yake akibaki wazi atamnyang'anya wateja. Nyuma ya meza walisimama vijana wa kike na wa kiume waliouza nguo, sukari na tumbaku. Kufanya kazi saa 14 kwa siku halikuwa jambo la ajabu, na Jumapili haikuwa na tofauti kubwa na Jumatatu. Mwenye duka mmoja, hata kama ni mwema, hakuweza kufunga peke yake. Angefunga yeye, mwenziwe angebaki wazi. Ndiyo maana jambo hili halikuweza kumalizwa kwa wema wa mtu mmoja mmoja. Lilihitaji sheria iwafungayo wote sawasawa.

Sheria ya mwaka 1891 ilipunguza kazi ya maduka siku ya Jumapili isizidi saa tano. Mwaka 1900 ikaja amri kwamba maduka yafungwe tangu saa tatu ya usiku hata saa kumi na moja ya alfajiri, na wauzaji wapate mapumziko ya usiku yasiyopungua saa kumi mfululizo. Na mwaka huo huo wenye maduka walitakiwa kuweka viti kwa ajili ya wauzaji, ili waweze kukaa wakati ambapo hapana mteja. Fikirini, enyi wasikilizaji: kukaa kitako dakika chache tu kulihitaji amri ya serikali!

Katika mwaka huo wa 1900 aliwasili Berlin mtu wa pwani yetu ya Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, naye akafundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Kabla yake alikuwapo Amur bin Nasur wa Unguja, aliyefundisha hapo katika miaka ya 1890. Mtoro alikaa Ujerumani miaka mingi, akafariki dunia mjini Berlin mwaka 1927. Hivyo maisha yake katika mji ule yaliona mabadiliko makubwa: alifika mwaka ambao maduka yalianza kufungwa saa tatu ya usiku, na alikuwa angali hai mwaka 1919, baada ya vita vikuu vya kwanza, serikali mpya ilipoamuru maduka yafungwe saa moja ya usiku, na yasifunguliwe kabisa siku ya Jumapili ila kwa ruhusa chache. Katiba ya mwaka huo wa 1919 iliandika kwamba Jumapili na sikukuu zalindwa kuwa siku za kupumzika na kazi na za kuinua roho. Na maneno hayo yakaingizwa katika Katiba ya mwaka 1949, nayo yana nguvu hata leo.

Mwaka 1956 Ujerumani Magharibi ilitunga sheria mpya ya kufunga maduka. Siku za kazi mlango ulifungwa saa kumi na mbili na nusu ya jioni, na Jumamosi saa nane ya mchana. Sheria hiyo ilimpendeza muuzaji, lakini ilimsumbua mnunuzi. Mke na mume wakiwa wote wana kazi, na kazi yaisha saa kumi na moja, wamebakiwa na saa moja na nusu tu ya kusafiri na kununua. Wengine walikimbia kweli barabarani. Upande wa mashariki wa mji, uliotengwa kwa ukuta tangu mwaka 1961 hata 1989, yaliwekwa maduka machache ya kuuza mpaka usiku kwa ajili ya wafanyakazi wa zamu. Jina lake, Spätkauf, yaani manunuzi ya usiku, lingaliko. Watu wa Berlin hulifupisha wakasema "Späti", nayo maduka hayo madogo yaonekana katika mitaa mingi ya mji.

Kamba ya sheria ikalegezwa kidogo kidogo. Mwaka 1989 iliruhusiwa kufungua Alhamisi hata saa mbili na nusu ya usiku. Mwaka 1996 siku zote za kazi ziliruhusiwa hata saa mbili ya usiku, na Jumamosi hata saa kumi ya jioni. Mwaka 2003 Jumamosi ikawa sawa na siku nyingine. Mwisho, mwaka 2006, kila jimbo lilipewa uwezo wa kujitungia sheria yake, na Berlin ikaruhusu maduka kufunguliwa Jumatatu hata Jumamosi usiku na mchana, kama mwenye duka apenda. Walakini maduka yaliyo mengi hayakesha. Kumlipa muuzaji wa usiku wa manane kwa ajili ya wateja watatu hakuna faida; tena sheria ya kazi ya mwaka 1994 yataka kila mfanyakazi apate mapumziko ya saa 11 baina ya kazi ya leo na ya kesho.

Ikabaki Jumapili. Sheria ya Berlin ya mwaka 2006 ilitaka kuruhusu maduka yafunguliwe Jumapili zote nne za kungojea Krismasi, wakati ambapo watu hununua zawadi kwa wingi. Makanisa, ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, yakapeleka shauri mbele ya Mahakama ya Katiba. Tarehe 1 Desemba 2009 mahakama ikahukumu kwamba kufungua Jumapili zote nne mfululizo ni kinyume cha Katiba. Faida ya mwenye duka na hamu ya mnunuzi peke yake, wakasema mahakimu, si sababu ya kutosha kuiondolea Jumapili ulinzi wake. Hukumu hiyo iliwahusu hata wasiokwenda kanisani, maana pumziko la pamoja si sawa na pumziko la mmoja mmoja. Mama akipumzika Jumanne, baba Alhamisi, na watoto Jumapili, nyumba ile haina siku hata moja.

Si kwamba wote wameridhika. Wenye maduka wasema kuwa biashara za mtandaoni huuza Jumapili bila kufunga, nao hupoteza wateja. Wenye Späti wengi ni wahamiaji au wana wa wahamiaji, nao wasema Jumapili ndiyo siku ya chumo lao kubwa. Kuwafunga ni kuwapunguzia riziki. Vyama vya wafanyakazi navyo hujibu kwamba Jumapili ikipotea haitarudi. Kila upande una neno lenye uzito, na ugomvi huo haujaisha.

Wala isidhaniwe kuwa Jumapili watu wote wamelala. Madereva wa treni, wauguzi, polisi na watumishi wa mikahawa hufanya kazi. Maduka ya ndani ya vituo vikuu vya reli na ya vituo vya petroli yaruhusiwa kuuza, na wauza mikate na maua hufungua kwa saa chache. Lililo muhimu kuliko yote ni hili: mtoto akishikwa na homa usiku wa Jumapili, usikate tamaa kwa kuona duka la dawa limefungwa. Soma karatasi iliyobandikwa mlangoni. Maduka ya dawa, yenye alama ya herufi A kubwa nyekundu, hupeana zamu, na karatasi ile yataja lililo na zamu usiku huo. Nenda huko, piga kengele. Mlango hautafunguliwa, bali dirisha dogo, na dawa utapewa kwa kuongeza ada ya yuro mbili na nusu. Ugonjwa ukiwa wa kuhatarisha maisha, simu ya kuita msaada ni 112.

Basi kwa ndugu au jamaa wa msikilizaji aendaye kukaa Berlin kwa masomo au kwa kazi, shauri langu ni hili. Jumamosi kabla ya jioni, fungua kabati lako ulitazame. Wazee wetu walisema, Hamadi kibindoni, silaha mkononi. Nunua ya Jumapili ungali na nafasi. Hasa kumbuka Pasaka: Ijumaa Kuu maduka yamefungwa, Jumamosi yafunguliwa, kisha Jumapili na Jumatatu yafungwa tena. Na tarehe 24 Desemba maduka hufungwa saa nane ya mchana, na siku mbili zifuatazo ni sikukuu. Asiyejiandaa atakula mkate wa kituo cha reli, kwa bei ya kituo cha reli.

Na ukisahau ukasimama mbele ya kioo, taa zimezimwa, usiulaani mlango ule. Yule dada aliyekupimia jibini jana jioni yuko bustanini na watoto wake, au yumo kitandani amelala usingizi wa mchana. Bibi wa bibi yake huenda alisimama saa 14 nyuma ya meza kama ile, hata kiti hakukiona. Njaa yako ya siku moja ndiyo bei ya pumziko lake. Nawe ukipata kazi katika duka la mji ule, Jumapili utajua thamani yake.

Kwaherini.